Vya Kukaa na Vya Kuoza

Jumamosi iliyopita nilikwenda Ghalani na binti yangu. Ghalani ndilo jina tulilolipa sisi nyumbani lile duka kubwa la jumla, lile la kuingia kwa kadi yenye picha yako, ambamo hakuna anayekuuzia kitu kimoja kimoja. Ukitaka dawa ya meno utapewa ya kuusafisha ukoo mzima. Tulipofika kwenye maziwa binti yangu akainama, akapenyeza mkono hadi nyuma ya rafu, bega zima likazama, akaibuka na mfuko wenye tarehe ya mbali kuliko yote. Watu wote hufanya hivyo pale. Mimi nikajikuta nacheka peke yangu katikati ya majokofu, maana nilimkumbuka mwanamke mmoja aliyekuwa akisimama mahali kama pale, ndani ya baridi ile ile, akitafuta mfuko utakaoharibika kesho.

Mwanamke huyo alikuwa bibi yangu, mzaa baba. Kaa nikusimulie, rafiki yangu, maana wewe pia nadhani una kadi ya namna ile kwenye pochi, na nina hakika unapenyeza mkono nyuma ya rafu kama wenzako.

Tulikuwa tukiishi Rexdale, pembeni mwa jiji la Toronto, Kanada, ghorofa ya saba, katika moja ya yale majengo marefu karibu na barabara ya Kipling. Ndege zilipita juu yetu kwa chini mno hata bibi siku za mwanzo alikuwa anainamisha kichwa. Baba alikuwa akipakia maboksi kwenye bohari huko upande wa uwanja wa ndege, mama alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Bibi aliletwa kutoka Kigoma aje kumlea mdogo wangu aliyekuwa mchanga, akae kidogo kisha arudi. Alikaa hadi mchanga mwenyewe akafikia kumshika mkono na kumvusha barabara.

Ninachokikumbuka zaidi kuhusu jengo lile ni ukumbi wa milango, ile korido ndefu ya ghorofa yetu. Siku ya Jumamosi ungeweza kufumba macho ukajua uko mbele ya nyumba ya nani. Hapa vitunguu vinakaangwa, pale bizari, kule samaki mkavu ambaye wapanda lifti walikuwa wakimlalamikia kila wiki, na kwetu iliki na mafuta ya chapati. Bibi aliujua ukumbi ule kwa pua kuliko kwa namba za milango. Akitoka kutupa taka alirudi na habari: huyu leo ana wageni, yule ameunguza maharage, wale wamefunga safari maana jiko limelala.

Mimi alikuwa akiniita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Nilikuwa nikielewa kila neno lake na kumjibu kwa Kiingereza, ugonjwa wa watoto wote wa jengo lile. Bibi hakugomba. Alikuwa na masikio ya kuchagua, basi. Ukimwomba sukari kwa Kiingereza angeendelea kuchambua mchele kama mtu aliyeko peke yake duniani, hadi ulimi wako ukutane na Kiswahili. Kiswahili hiki ninachokuandikia leo nimekipata kwa njaa ya namna hiyo.

Safari ya Ghalani ilikuwa mara moja kwa mwezi, Jumamosi ambayo baba hakuwa na zamu, na ilikuwa na adabu zake. Kwanza tulikula tukashiba, kwa sababu mama aliamini mwenye njaa hatumwi sokoni. Bibi alivaa kanga mpya, doti nzima, juu yake lile koti zito la kijani alilolichukia, akajipaka manukato. Ukimwona ungedhani anakwenda kuposa. Kule ndani kulikuwa na wale akina mama wenye vijikombe vya karatasi wanaoonjesha watu vyakula, na bibi alikataa katakata kuonja na kuondoka kama wafanyavyo wengine. Mtu amekukaribisha chakula, utakulaje ukampa kisogo? Alisimama, akasalimia kwa Kiswahili, akauliza hali ya watoto, akashukuru, akaomba dua fupi ya kuwazidishia. Wale akina mama hawakuelewa hata neno, lakini walikuwa wakimwona kwa mbali wanatabasamu, na sisi nyuma yetu tumewazuia watu na matoroli yao. Mlangoni kwa kutokea alikuwepo mzee wa kukagua risiti, ambaye alinichorea uso unaocheka nyuma ya karatasi kila mara. Bibi alisema yule ndiye mtu pekee wa serikali anayefanya kazi yake kwa moyo. Hatukuwahi kumwambia kwamba si mtu wa serikali.

Mwenye kauli mle ndani alikuwa mama. Baba hakuaminiwa. Baba alikuwa mgonjwa wa vitu vikubwa. Akiona chupa inayomzidi mtoto kimo anaipakia. Mara moja alituletea pipa la matango ya siki, tukayala hadi tukayaota, na mama alipolimaliza akaliosha akalifanya pipa la maharage, likakaa jikoni mbele ya macho ya baba kama funzo. Mama yeye alikuwa na swali moja tu. Alikuwa anashika kitu, anakigeuza, anauliza kwa sauti, "Kitakaa?" Mchele utakaa. Sabuni itakaa. Chumvi, mafuta, majani ya chai, karatasi za chooni, vyote vitakaa, na vilikaa kweli: chini ya vitanda, nyuma ya kochi, juu ya kabati, hata bafuni. Kuku walikaa roshani, maana kuanzia Desemba roshani yetu iligeuka friza ya bure, mama akawaning'iniza ndani ya ndoo yenye mfuniko mbali na wale ndege wezi. "Akiba haiozi," alikuwa akisema akiwa anafunga mlango wa roshani, na mimi nikaona mama yangu ni mwanamke mwenye akili kuliko wote Toronto. Sijabadili sana maoni hayo.

Mwaka mmoja, majani yalipokuwa yanapukutika, mama mmoja kutoka Uvira, Kongo, alihamia ghorofa ya juu yetu na watoto wake watatu. Bibi alimpata ndani ya lifti akimkaripia mwanawe kwa Kiswahili, akageuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Kumbe wote ni watu wa Ziwa Tanganyika, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Kabla lifti haijafika chini walikuwa wameshaanza kubishana jinsi ya kupika migebuka, wale samaki wa ziwa lile. Toka siku hiyo bibi akawa anamwita "wa ng'ambo," naye anamwita bibi "Maman," na ubishi wao juu ya kisamvu, ambacho yeye aliita sombe, haukuisha hadi mwisho. Mume wake alikuwa amebaki nyuma akingoja karatasi. Yeye alikuwa kiwandani akifunga mikate kwenye maboksi, zamu za alfajiri, akirudi na vumbi la unga kwenye nywele.

Kisha mgongo ukamkatalia. Alinyanyua boksi vibaya, akalala, na kiwanda kikaacha kumpigia simu. Hakumwambia mtu. Aliyejua alikuwa bibi, na alijua kwa pua. Siku moja alirudi kutoka juu alikokwenda kumjulia hali akakaa kwenye kiti chake bila kuvua kilemba. "Mlango wa wa ng'ambo haunuki kitu," alisema. Mama akasema labda wamekula mapema. Bibi akatikisa kichwa. Kesho yake binti wa yule mama, mwenzangu darasani, alikuja kucheza, bibi akatupa chapati. Mimi niliimaliza yangu. Mwenzangu alikula nusu, nusu akaikunja taratibu akaitia mfukoni, kwa ajili ya wadogo zake. Bibi alikuwa anachambua mchele. Mikono yake ikasimama.

Basi akampelekea bakuli la pilau. Rahisi, utasema. Lakini sahani ya jirani hairudi tupu. Hiyo ni sheria ya pande zote mbili za ziwa lile. Bakuli likarudi siku ya pili, limeoshwa likang'aa, na ndani yake maandazi ya moto. Bibi akachukua moja, akalinusa, uso ukamwanguka. "Huu ulikuwa unga wake wa mwisho," alisema. Akajaribu tena na mboga, bakuli likarudi na sukari iliyofungwa kwenye karatasi. "Nikimpelekea mara ya tatu nitakuwa nimemaliza nyumba yake," bibi akasema, akaliweka bakuli juu kabisa ya kabati mahali pasipofikika kwa urahisi.

Baba alishauri wamwambie tu kwamba wanajua. Kuna msemo, alisema, mficha uchi hazai. Bibi akamkata. "Na anayewafunua watu uchi naye hana haya. Yule mama ana kitu kimoja tu alichotoka nacho kwao, nacho ni kichwa chake kukaa juu. Nikamnyang'anye hicho kwa kibaba cha mchele?"

Jumamosi iliyofuata, Ghalani, bibi alisimama mbele ya viroba vya mchele kwa muda. Alikuwa na namna yake ya kuuchagua: anakiegemea kiroba kwa kiganja, anakisukuma, anakaribisha pua kwenye mshono. Akamwambia baba apakie viwili. Mama akamwangalia mkwewe kwa heshima na mashaka. "Mama, tutaweka wapi?"

"Kitakaa?" bibi akamuuliza.

"Kitakaa, lakini..."

"Basi."

Cha pili baba alikipandisha moja kwa moja ghorofa ya juu, bibi akiwa mbele anapiga hodi. "Wa ng'ambo mwanangu, kwangu hapana hata pa kuweka mguu. Niwekee hiki." Nilikuwepo, nikauona uso wa yule mama ukifunguka. Kumwomba mtu akuwekee kitu ni kumwambia kwamba unamwamini, na huko nyuma kulikuwa hakuna aliyemwambia hivyo kwa siku nyingi. Alikipokea kwa mikono miwili, mgongo ule ule mbovu. Bibi akashuka ngazi anajipongeza. Kwao Kigoma, ukimwachia jirani gunia wakati wa shida, kisha ukarudi ukalikuta limelegea, huulizi kitu. Unasema tu, panya wa mwaka huu!

Rafiki yangu, wiki zikapita. Theluji ikaanguka, ikaganda, ikaanguka tena. Siku moja nilipanda kucheza na mwenzangu, na pale sebuleni nikaona kiroba chetu kimefunikwa kitenge, wadogo zake wamekikalia wanatazama televisheni. Nikafunua pembe ya kitenge. Mshono ulikuwa haujaguswa. Jikoni kulikuwa na sufuria moja ya uji mwepesi kama maji ya kunawia. Mwenzangu akaniambia nishushe kitenge, mama yake amekataza kabisa, hicho ni cha bibi yako.

Nilimpelekea bibi habari hiyo kwa Kiswahili, bila kulazimishwa. Kwanza alicheka. Alicheka hadi akashika ubavu, akisema, "Amana! Amana hailiwi! Mimi mwenyewe ndiye niliyesema niwekee!" Kisha kicheko kikaenda kikageuka, na bibi yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata aliposimulia vifo, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nimemwekea chakula ndani ya nyumba, halafu nimekifunga kwa jina langu," alisema. "Watoto wanakalia chakula wanakufa njaa."

Nikamuuliza kwa nini asiende akamwambia ale. Akaniambia nikae karibu. "Mke mwenzangu, nikimwambia kula, nimemwambia nimeona. Atanirudishia kiroba leo hii, na mlango atafunga."

Sikumbuki alifikiri kwa siku ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba baridi ilikuwa imeanza kulegea, roshani yetu inadondoka maji, na mama ameshawahamisha kuku wa mwisho, tulipokwenda tena Ghalani. Mama akaanza raundi yake ya sabuni na mafuta. Bibi akamshika kiwiko.

"Mwanangu, wewe nunua vya kukaa. Mimi naomba upande mmoja wa toroli ninunue vya kuoza."

Mama alidhani hakusikia vizuri. Bibi alikuwa ameshaondoka na mimi. Tulipita kwenye ndizi, akaziacha zile za kijani ambazo watu wanazipigania, akachagua zilizokwisha kuwa na madoa, vichane kwa vichane. Akachukua lile boksi kubwa la mchicha ambalo ukigeuka tu linanyauka. Nyanya zilizoiva hadi zinaogopa kushikwa. Kwenye maziwa akanisimamisha mbele ya rafu. Kusoma herufi za Kiingereza hakuweza na tarehe zao zilimchanganya, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yangu. "Nitafutie yanayokufa mapema," aliniambia. Nikasoma mfuko mmoja mmoja, na yale ya kuharibika mapema kabisa yalikuwa mbele, yale yale ambayo kila mtu alikuwa akiyasukuma pembeni ili afike nyuma.

Mama alitufikia hapo. Aliangalia toroli, akaangalia ndizi, akamwangalia mkwewe. "Mama, jamani. Hivi havifiki Jumatatu!"

"Ndiyo sifa yake."

"Hakuna friji ya kubeba hivi."

"Ndivyo nitakavyomwambia wa ng'ambo," bibi akajibu, akasogea akamweleza taratibu: bakuli lisilorudi tupu, kiroba chini ya kitenge, uji, nusu chapati mfukoni. "Amana ya kukaa ataitunza hadi Kiyama. Amana ya kuoza atafanyaje? Kutupa chakula ni dhambi kwake na kwangu."

Watu walikuwa wanatupita na matoroli yao, mmoja akamwomba samahani asogee. Mama yangu, mwanamke wa akiba haiozi, akasogea, kisha akanyoosha mkono akachukua mfuko wa pili wa maziwa. Wa mbele.

Jioni ile nilipanda na bibi, mikono imejaa mifuko ya plastiki, maana bibi alihakikisha hakuna sahani hata moja ya kurudishwa.

"Hodi, wa ng'ambo! Nimekuja na aibu yangu."

"Karibu, Maman. Iko nini tena?"

"Mkwe wangu, mwanangu. Akiingia lile duka anapandwa na wazimu. Ananunua tu, ananunua tu. Tazama! Friji imejaa, haifungi. Kesho vyote vimeoza."

Yule mama aliangalia ndizi, akaangalia maziwa, akageuza mfuko akasoma tarehe. "Sasa mimi nifanye nini na ndizi mingi hivi?"

"Nisaidie. Zikiozea kwangu dhambi ni yangu peke yangu, na mimi mzee, nina zangu za kutosha."

"Na nitakurudishia nini, Maman?"

"Kilichooza kinarudishwa?"

Watoto watatu walikuwa wamesimama nyuma yake, wadogo wameshaiona rangi ya ndizi. Yule mama akatazamana na bibi kwa namna ambayo wakati ule niliiona ya kawaida, kisha akasogea mlangoni, akapokea mfuko mmoja, na mwingine, na mwingine. "Mkwe wako kweli ana shida," alisema.

Ikawa hivyo kila Jumamosi, hata zile ambazo baba alikuwa na zamu na ilitubidi kwenda kwa basi. Bibi akawa fundi wa vitu vinavyoelekea kufa. Alijua mkate gani hautafika kesho kutwa, matango yapi yameanza kulegea kiunoni, mtindi gani umebakiza siku. Na mama, ambaye ndiye ninayemstaajabia zaidi kadiri ninavyokua, akalibeba jina. Jengo zima likajua kwamba mke wa yule Mtanzania wa ghorofa ya saba ni mfujaji, hajui kununua, anamfilisi mumewe. Akina mama walimpa nasaha kwenye chumba cha kufulia. Mmoja alimfundisha jinsi ya kuchagua ndizi. Mama yangu, aliyekuwa anapasua mrija wa dawa ya meno kwa mkasi ili asiache kitu, aliinamisha kichwa akasema, "Asante dada, nitajitahidi."

Kuna alasiri moja bibi alitoka kutupa taka akachelewa kurudi. Nikamfuata. Alikuwa amesimama ngazi ya juu, mkono kwenye ukuta, kidevu kimenyanyuka kidogo. Mlango wa wa ng'ambo ulikuwa unanuka ndizi za kukaanga na mawese. Bibi alisimama pale akavuta pumzi kama mtu aliyefika kwao.

Mgongo ule ulipona polepole. Yule mama akapata kazi ya kupika kwenye shule ya watoto wadogo, mume wake akafika na sanduku moja, na baadaye wakahamia Scarborough, upande wa pili kabisa wa jiji. Siku ya kuhama kitu cha kwanza kupakiwa kilikuwa kiroba chetu. Kwanza alikuwa amemuuliza bibi kama anataka kukichukua sasa. Bibi akasema kwake bado hapana nafasi.

Bibi alifariki nikiwa nimemaliza shule, wakati wa baridi. Tulimzika, tukarudi nyumbani, na ukumbi ule wa milango ukajaa viatu vya watu. Mama alikuwa jikoni anahesabu kichwani watu na mchele, ndipo hodi ikapigwa na sauti niliyoijua. Alikuwa wa ng'ambo, mvi zimeanza, na nyuma yake mwanawe wa mwisho, ambaye sasa alilazimika kuinama mlangoni, akiwa na kiroba begani. Akakishusha katikati ya jikoni.

"Amana ya Maman," alisema. "Nimeirudisha."

Mama alikiangalia. Kilikuwa kipya, mshono haujaguswa. "Dada, mchele wa miaka yote hiyo?"

"Hapana. Muchele unazeeka, wadudu wanaingia. Kila mwaka ninanunua mupya, naweka pale pale, ndipo tunakula ule wa zamani. Pale mahali hapajabaki wazi hata siku moja." Akamshika mama mkono. "Na ile ndizi yote. Unazani sikujua? Mutu gani ananunua vitu vya kuoza kila wiki? Alikuwa ananificha haya yangu, na mimi nikamwachia anifiche. Lakini wewe walikusema vibaya kwa ajili yangu, na sikufungua kinywa. Nisamehe."

Mama akatikisa kichwa. Walifungua mshono pamoja, wakapika pilau ya watu wote wale, wakisukumana mwiko na kubishana juu ya maji kama bibi angefanya. Matanga yalipoondolewa mama alikusanya sadaka yote ya chakula iliyobaki, akaigawa mlango kwa mlango. Kisha akamwita baba wakatoka, wakarudi na kiroba kingine. Wa ng'ambo alikuwa anavaa koti. Mama akamwambia, "Dada, unaona nyumba yenyewe. Niwekee."

Hayo yote yamekwisha. Sisi tumehama, baba na mama wanaishi kwenye nyumba yenye stoo ambayo mama haijazi. Jengo lipo, lakini niliwahi kupita na ukumbi unanuka rangi mpya tu. Mzee wa mlangoni Ghalani hayupo, na aliyepo anapiga mstari bila kukuangalia. Kila mtu ana kadi yake sasa, friza yake, na mlango unaofunga vizuri. Bibi yangu angepita kwenye mtaa wangu akanusa, asipate habari ya mtu yeyote.

Binti yangu alikuwa bado ameshika ule mfuko wake wa tarehe ya mbali. Jirani yangu wa mkono wa kushoto amejifungua juzi, na sijamwona mumewe tangu sikukuu. Nikamwambia arudishe, achukue wa mbele, miwili.

"Mama, hiyo ina-expire kesho!"

"Najua."

Tulipopita kwenye mchele akasimama mwenyewe, akakiegemea kiroba kwa kiganja, sijui amelitoa wapi lile. Akauliza kwa nini hatununui hata siku moja kile kikubwa, mbona kila mtu anacho. Nikamwambia nasi tunacho. Kiko Scarborough, kwa mtu, na hakijapungua.